Kupunguziwa Mshahara au Kupangiwa Upya Mkataba: Ulinganisho wa Njia Mbili Chini ya Ukomo wa Mishahara wa NFL

Kila mwezi Machi, klabu 32 za ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, hulazimika kuziteremsha hesabu zao chini ya ukomo wa mishahara kabla mwaka mpya wa ligi haujaanza, na kila mwaka habari mbili tofauti huandikwa kana kwamba ni moja: habari ya mchezaji aliyekubali kupunguziwa mshahara, na habari ya mchezaji ambaye mkataba wake umepangwa upya. Wote wawili husifiwa kwa kuisaidia klabu. Kwa maoni yangu kuwachanganya ni kosa kubwa, kwa sababu wa kwanza ameachia fedha ambazo huenda asizipate tena maishani, na wa pili kwa kawaida hajapoteza hata senti moja, bali amelipwa mapema kuliko alivyotarajia.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo mbili kwa ajili ya mtu anayepaswa kuchagua, yaani mchezaji aliyeitwa ofisini na kuambiwa kwamba gharama yake imekuwa kubwa mno, wakala aliyeketi pembeni yake, na pia kiongozi wa klabu anayetafuta nafasi ya dola milioni 10 na hajui aanzie kwa nani. Njia ya tatu, ambayo ni kuachwa, itajitokeza mara kwa mara, kwa kuwa bila tishio la kuachwa hakuna mchezaji ambaye angekubali kupunguziwa chochote. Kipimo nitakachokitumia ni kuuliza ni nani anayebeba gharama na anaibeba lini.

Jinsi ukomo unavyohesabiwa

Ukomo wa mishahara ulianza kutumika NFL mwaka 1994, ukiwa dola milioni 34.6 kwa kila klabu. Mwaka 2020 ulikuwa umefika dola milioni 198.2. Mwaka 2021, baada ya msimu ambao viwanja vingi vilibaki vitupu kwa sababu ya janga la korona, ulishuka hadi milioni 182.5, kisha ukapanda hadi milioni 208.2 mwaka 2022, milioni 224.8 mwaka 2023, milioni 255.4 mwaka 2024 na milioni 279.2 mwaka 2025. Ukomo huu ni mgumu kwelikweli: klabu tajiri haiwezi kulipa kodi ya ziada ili iuvuke, kama inavyoruhusiwa katika besiboli na mpira wa kikapu wa nchi hiyo hiyo.

Ili kuelewa yote yanayofuata, ni lazima kutenganisha fedha zinazoingia mfukoni mwa mchezaji na fedha zinazoandikwa katika hesabu ya ukomo. Mshahara wa msimu huhesabiwa wote katika mwaka unaolipwa. Bonasi ya kusaini, kwa upande mwingine, mchezaji huipokea mapema, lakini katika hesabu ya ukomo hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, ilimradi miaka hiyo isizidi 5. Mchezaji akiondoka kabla ya miaka hiyo kwisha, sehemu ya bonasi ambayo haijahesabiwa huiangukia klabu ingawa mtu mwenyewe hayupo tena kikosini. Hizo ndizo fedha mfu. Akiachwa kabla ya tarehe 1 Juni huangukia mwaka ule ule kwa pamoja. Akiachwa baada ya tarehe hiyo, sehemu ya mwaka huo hubaki mwaka huo na salio lote huhamia mwaka unaofuata. Kila klabu inaruhusiwa pia kuwaacha wachezaji wawili mapema huku ikiwaandika kana kwamba wameachwa baada ya Juni mosi.

Jambo jingine linaloitofautisha ligi hii na soka tunayoizoea ni kwamba mkataba wa miaka 4 hauna maana ya mshahara wa miaka 4. Fedha za uhakika ni zile tu zilizoandikwa hivyo. Zilizobaki ni ahadi inayodumu mradi klabu inaendelea kumhitaji mchezaji. Kwa hiyo mchezaji anapoombwa aachie dola milioni 5, swali la kwanza ni kama hizo milioni 5 zilikuwa zake tangu awali.

Kupanga upya: deni linasogezwa mbele

Kwa namna yake ya kawaida, kupanga upya ni kuuteremsha mshahara wa mwaka huu hadi karibu na kima cha chini kilichowekwa na mkataba wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji, na kuigeuza tofauti kuwa bonasi ya kusaini. Machi 2021, Kansas City Chiefs waligeuza kwa njia hiyo takriban dola milioni 21.7 ambazo Patrick Mahomes alipaswa kulipwa na ambazo zingehesabiwa zote mwaka ule. Zilipogawanywa kwa miaka 5, kila mwaka ulibeba kama milioni 4.3, na klabu ikapata nafasi ya takriban milioni 17 papo hapo. Mahomes mwenyewe hakupoteza dola hata moja.

Mfano wa Cleveland Browns ni mkubwa zaidi na unafundisha zaidi. Mwaka 2022 klabu hiyo ilimpa Deshaun Watson mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 230, zote zikiwa za uhakika. Mwaka 2023 waligeuza dola milioni 44.92 za mshahara wake kuwa bonasi, zikagawanywa mara tano, na nafasi ya karibu milioni 36 ikapatikana kwa mwaka huo. Wakarudia mwaka 2024. Wakarudia tena mwaka 2025, wakati mchezaji huyo alikuwa amekatika kano ya kisigino mara mbili katika kipindi cha miezi michache. Kila walipoigeuza, mwaka husika ulipata nafuu, na miaka iliyokuwa mbele ikazidi kuelemewa.

Kwa mchezaji, hasara ya njia hii ni ndogo sana, kiasi kwamba mikataba mingi ya wachezaji wakubwa huwa na kifungu kinachoiruhusu klabu kufanya mageuzi haya bila kumwomba saini nyingine. Faida zake ni mbili. Kwanza, fedha ambazo angezipokea kidogo kidogo katika wiki za msimu anazipata mapema, na mara nyingi fedha ambazo hazikuwa za uhakika zinakuwa zake kabisa. Pili, kila dola inayogeuzwa kuwa bonasi huongeza fedha mfu ambazo klabu itazibeba ikimwacha, na hivyo humjengea mchezaji ukuta wa miaka miwili au mitatu.

Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo mchezaji anapaswa kuyaangalia, na wachache huyaangalia. La kwanza ni kustaafu. Bonasi ya kusaini ina masharti yake: mchezaji akijiuzulu kabla ya miaka iliyogawanywa kwisha, klabu inaweza kudai sehemu ambayo hakuifanyia kazi. Barry Sanders wa Detroit Lions alipostaafu ghafla mwaka 1999, shauri lake lilifika kwa msuluhishi na akaamriwa kurudisha sehemu ya bonasi yake. Mchezaji wa miaka 33 ambaye magoti yanamwambia kwamba msimu ujao utakuwa wa mwisho asichukulie kwamba fedha zilizobadilishwa jina zimebaki vilevile.

La pili ni kwamba gharama ya mchezaji katika miaka ijayo inavimba. Anayepangiwa upya mkataba mara tatu mfululizo hufika mahali ambapo jina lake ndilo lenye tarakimu kubwa kuliko yote katika orodha ya klabu, na klabu inapotafuta nafasi macho huanzia hapo. Kupanga upya kwa leo ndiko kunakozaa ombi la kupunguza la miaka miwili baadaye, jambo ambalo mfano wa Pittsburgh hapa chini utalionyesha.

Kupunguziwa: fedha zinaondoka

Kupunguza mshahara hakuhitaji maelezo mengi ya kihesabu. Mchezaji aliyepaswa kulipwa dola milioni 16 anakubali milioni 11, na ukomo unapungukiwa na mzigo huo bila kusukuma kitu kwenye mwaka ujao. Saini yake ni lazima, kwa kuwa hakuna klabu inayoweza kumpunguzia mchezaji kwa amri. Uamuzi huu unahitaji utulivu zaidi kuliko ule mwingine, kwa sababu unaweza kuwa wa busara au wa hasara kubwa kulingana na mambo ambayo hayaonekani katika kichwa cha habari.

Tofauti hizo za dola milioni 16 na 11 ndizo hasa za Aaron Jones, mkimbiaji mbeba mpira wa Green Bay Packers, aliyekubali kuachia milioni 5 mwanzoni mwa mwaka 2023. Kwa upande mmoja alibaki katika klabu aliyoipenda na akaendelea kulipwa vizuri kwa nafasi ambayo soko lake lilikuwa limeporomoka. Kwa upande mwingine, kujitoa kwake hakukumnunulia usalama wa zaidi ya mwaka mmoja. Machi 2024 klabu ilitaka apunguziwe tena, hawakuafikiana, akaachwa. Akasaini na Minnesota Vikings kwa mwaka mmoja wa dola milioni 7, akakimbia yadi 1,138 katika msimu huo, ambazo ni nyingi kuliko alizowahi kukimbia katika msimu wowote, na mwaka 2025 Vikings wakampa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 20. Mimi huusoma mfano huu hivi: kukubali kwake mara ya kwanza kulikuwa na maana, kwa sababu soko la wakimbiaji lilikuwa baya, kukataa kwake mara ya pili kulikuwa na maana zaidi, kwa sababu fedha za uhakika katika mkataba wake zilikuwa zimekwisha na kukubali tena kusingemlinda.

Aaron Rodgers alifanya jambo kubwa zaidi kwa tarakimu. Julai 2023, baada ya kuhamia New York Jets, alikubali kuachia takriban dola milioni 35 kutoka katika mkataba aliokuja nao, akabaki na milioni 75 za uhakika kwa miaka miwili. Ilielezwa kwamba nafasi hiyo ingewasaidia Jets kumzungushia wachezaji bora. Katika mchezo wa kwanza wa msimu, tarehe 11 Septemba 2023, kano yake ya kisigino ilikatika baada ya kushiriki hatua nne tu za mchezo huo. Mwaka 2025 klabu ilimwacha, na fedha mfu za dola milioni 49 zikagawanywa katika miaka miwili. Fedha alizoziachia hazikumletea ubingwa. Uhakika wa zile alizobakiza ndio uliomfaa.

Kuna upunguzaji mwingine ambao si wa kuigwa na anayetaka kuendelea kucheza. Februari 2021, Drew Brees wa New Orleans Saints aliteremsha mshahara wake kutoka dola milioni 25 hadi kima cha chini cha dola milioni 1.075, na mwezi uliofuata akatangaza kustaafu. Hizo hazikuwa fedha alizotarajia kuzipata, kwa kuwa asingecheza. Ilikuwa njia ya kuipa klabu nafuu kabla karatasi za kustaafu hazijawasilishwa. Mchezaji anayeambiwa kwamba hata Brees alikubali anapaswa kukumbuka mazingira hayo.

Pittsburgh, 2021: njia zote mbili katika karatasi moja

Mfano ninaoupendekeza kwa yeyote anayetaka kuona tofauti kwa macho yake ni wa Ben Roethlisberger. Mwanzoni mwa mwaka 2021 gharama yake katika ukomo wa Pittsburgh Steelers ilikuwa dola milioni 41.25. Kati ya hizo, milioni 22.25 zilikuwa sehemu za bonasi alizokwisha kulipwa miaka ya nyuma, na hakuna mazungumzo ambayo yangeweza kuzifuta. Milioni 19 ndizo zilikuwa fedha mpya za mwaka huo. Na huo ndio mwaka ambao ukomo ulikuwa umeshuka.

Makubaliano yaliyofikiwa mwezi Machi yalikuwa na hatua mbili. Kwanza alipunguziwa dola milioni 5, kwa hiyo milioni 19 zikawa 14. Kisha hizo milioni 14 zikapangwa upya: milioni 1.075 zikawa mshahara wa kima cha chini, na milioni 12.925 zikawa bonasi ya kusaini iliyogawanywa mara tano, yaani milioni 2.585 kwa mwaka. Ukijumlisha milioni 22.25, milioni 1.075 na milioni 2.585, unapata milioni 25.91, ambayo ndiyo gharama aliyoandikiwa mwaka huo. Nafuu ya klabu ilikuwa zaidi ya milioni 15.

Hapo msomaji aangalie nani alitoa nini. Katika nafuu hiyo ya milioni 15.34, milioni 5 zilitoka mfukoni mwa Roethlisberger. Zilizobaki, milioni 10.34, hazikutoka kwa mtu yeyote, zilisogezwa tu. Alipostaafu mwezi Januari 2022, milioni 10.34 hizo hizo zilijitokeza katika hesabu ya Steelers ya mwaka 2022, bila kupungua, zikiwa fedha mfu. Kwa maneno mengine, theluthi moja ya nafuu ilikuwa ya kweli na theluthi mbili zilikuwa mkopo, ilhali siku ya kutangazwa zote zilionekana sawa.

Bonasi hiyo iliwezaje kugawanywa mara tano kwa mchezaji ambaye kila mtu alijua hana miaka mitano ya kucheza? Kwa kuongeza miaka hewa mwishoni mwa mkataba. Msomaji wa Tanzania analijua neno hilo kutokana na wafanyakazi hewa: ni miaka ambayo ipo katika karatasi peke yake, na mkataba huivunja wenyewe kabla haijaanza. Tampa Bay Buccaneers waliitumia sana ili kumbakiza Tom Brady na wenzake; Brady alipostaafu, klabu ilibeba fedha zake mfu za dola milioni 35.1 katika mwaka 2023 peke yake. Siwalaumu Buccaneers, maana walitwaa ubingwa wa msimu wa 2020 na deni hilo lilinunua kitu halisi. Lakini miaka hewa kwa mchezaji wa kawaida katika timu ya kawaida ni deni lisilo na kombe.

Upande wa klabu

Klabu hupenda kusogeza fedha mbele kwa sababu moja ya msingi: ukomo unapopanda, deni lile lile hupungua uzito. Dola milioni 10 zilikuwa karibu asilimia 5.5 ya ukomo wa mwaka 2021, na mwaka 2025 zilikuwa kama asilimia 3.6 tu. Kiongozi anayeamini kwamba ukomo utaendelea kukua ana sababu nzuri ya kupanga upya. Hatari ni kwamba ukuaji huo si sheria ya maumbile. New Orleans Saints walikuwa wamezoea kusogeza madeni kila mwaka, na ukomo uliposhuka mwaka 2021 walijikuta wamezidi kwa takriban dola milioni 100 miezi michache kabla ya tarehe ya mwisho. Walitoka katika shimo hilo kwa kusogeza zaidi.

Kwa hiyo ningemshauri kiongozi wa klabu atumie njia ya kupanga upya kwa wachezaji ambao ana hakika atawahitaji kwa angalau misimu miwili mingine, hasa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) kijana na wachezaji wa mstari wa mbele walio katikati ya miaka ya ishirini, kwa sababu kwao deni litalipwa na mtu ambaye bado yupo uwanjani. Njia ya kupunguza iwe kwa mchezaji ambaye, bila kupunguziwa, kweli angeachwa. Kumwomba punguzo mchezaji ambaye klabu haina nia wala uwezo wa kumwacha ni tishio tupu, na mawakala hulitambua haraka. Kosa baya kuliko yote ni kumpangia upya mkataba mchezaji ambaye tayari una mashaka naye, kwa sababu tu nafasi inahitajika wiki hii: unamjengea ukuta mtu unayetaka kumtoa.

Hata hivyo ukuta huo si wa chuma. Denver Broncos walimwacha Russell Wilson mwezi Machi 2024 na kukubali fedha mfu za dola milioni 85 katika miaka miwili. Kabla ya hapo, kwa maelezo yake Wilson mwenyewe, klabu ilimtaka katikati ya msimu wa 2023 abadilishe tarehe ya kuanza kwa uhakika wa fedha ambazo angelipwa hata akiumia, la sivyo angewekwa benchi. Alikataa, akawekwa benchi michezo miwili ya mwisho, akaachwa. Lakini dola milioni 39 za mwaka 2024 zilikuwa za uhakika, hivyo Broncos ndio waliolipa sehemu kubwa, na Pittsburgh wakampata kwa kima cha chini cha dola milioni 1.21. Aliyekuwa na fedha za uhakika hakulazimika kukubali chochote.

Wasiohusika na chaguo hili

Mjadala huu wote unawahusu wachezaji wenye mikataba mikubwa, na ni haki kusema hivyo wazi. Wasomaji wa Kenya watamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka katika raga na kujiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013. Mchezaji anayeingia ligini kwa njia kama yake, bila kuchaguliwa katika usajili wa wanafunzi wa vyuo, kwa kawaida huwa katika kima cha chini au karibu nacho. Mshahara huo hauwezi kupunguzwa, kwa kuwa mkataba wa hali bora unakataza kwenda chini yake. Hauwezi pia kugeuzwa bonasi, kwa kuwa hakuna cha kugeuza. Kwake yapo mambo mawili tu, kubaki au kutemwa, na nafasi inayookolewa kwa kumtema ni ndogo kiasi kwamba haiandikwi popote.

Wapenzi wa soka ya Hispania nao wamewahi kuziona njia hizi mbili kwa sura nyingine, ingawa huko kila klabu ina ukomo wake kulingana na mapato na huwezi kumwacha mchezaji bila kumlipa. Oktoba 2020 wachezaji wanne wa Barcelona, miongoni mwao Frenkie de Jong na Marc-André ter Stegen, waliongeza mikataba ambayo ilisogeza sehemu ya malipo yao kwenye miaka ya baadaye. Agosti 2021 Gerard Piqué alikubali punguzo kubwa ili Memphis Depay na Eric García waweze kusajiliwa. Wale waliosogeza ndio walioendelea kuwa na madai kwa klabu. Punguzo ndilo lililofungua mlango mara moja.

Namna ya kuamua

Mchezaji aliyewekewa karatasi ya kupanga upya, na asiyefikiria kustaafu katika miaka miwili ijayo, hana sababu kubwa ya kukataa. Aombe tu kujua bonasi italipwa tarehe gani, kwa sababu wakati mwingine hugawanywa kwa awamu, na aulize gharama yake ya mwaka ujao na ule unaoufuata itafika wapi. Ikiwa tarakimu hiyo itakuwa kubwa kuliko ya mchezaji yeyote wa nafasi yake, huu ndio wakati wa kudai mkataba mpya badala ya mageuzi matupu. Klabu inahitaji saini au utulivu wake leo, na mwakani huenda isihitaji.

Mchezaji aliyewekewa karatasi ya kupunguziwa ana hesabu nyingine. Aanze na fedha za uhakika: zikiwa bado zipo kwa mwaka huu, asimame alipo. Zikiwa zimekwisha, wakala aulize kimyakimya bei yake katika soko ni kiasi gani. Tuseme mshahara wake ni dola milioni 12, klabu inataka milioni 8, na klabu nyingine zingempa 6. Kukubali 8 ni uamuzi mzuri hata kama unauma. Soko likiwa tayari kumpa 9, basi ombi la klabu ni la kumnyang'anya, na heri aachwe. Katika kukubali kwake adai malipo ya aina nyingine: hizo milioni 8 ziwe za uhakika, miaka ya mwisho ya mkataba ifutwe ili awe huru mapema, na ziwekwe bonasi za mafanikio ambazo zinaweza kumrudishia alichoachia. Klabu huweza kukubali bonasi hizo kwa urahisi, kwa kuwa zile zinazotegemea kiwango ambacho mchezaji hakukifikia msimu uliopita hazihesabiwi katika ukomo wa mwaka huu, na akizipata hutozwa mwaka unaofuata.

Wakati ndio unaoamua nguvu ya kila upande. Ombi la kupunguza likija mapema Machi, mchezaji anaweza kukataa na kuingia sokoni wakati klabu nyingine bado zina fedha na nafasi. Likija Agosti, fedha zimekwisha gawanywa, vikosi vimekamilika, na bei yake imeshuka bila yeye kufanya kosa lolote. Viongozi wa klabu wanalijua hilo vizuri sana. Wanajua pia kwamba mchezaji mwenye misimu 4 au zaidi akiwa kikosini siku ya mchezo wa kwanza, anaweza, mara moja katika maisha yake ya uchezaji, kudai salio la mshahara wa msimu mzima hata akiachwa baadaye, na ndiyo sababu maombi mengi ya kupunguza hukaza katika wiki ya mwisho kabla ya mchezo huo.

Kwa hiyo wakala mwangalifu asisubiri kuitwa. Mwezi Februari, kabla mwaka wa ligi haujafunguliwa, aichukue karatasi ya mkataba, aandike tarehe ambayo kila sehemu ya fedha inakuwa ya uhakika, na aiulize klabu kwa maandishi kama mchezaji wake yumo katika mipango kwa mshahara ulioandikwa. Klabu ikijibu ndiyo, ameshikilia jibu hilo ombi la Agosti litakapokuja. Ikinyamaza, bado ana wiki kadhaa za kutafuta bei yake kwingine kabla milango ya soko haijafungwa.